Nani Alimpima Samweli?

Dada Skola,

Kwanza usiwe na wasiwasi na Kariakoo. Ipo, na inaendeshwa na mimi. Tangu uondoke, hakuna duka katika mtaa wetu linalofungua mlango kabla sijafika na kufunua cherehani. Wanasubiri wasikie kanyagio langu ndipo wanajua kumekucha. Juzi walikuja watu wa Posta, wamevaa tai, wameshika makaratasi makubwa, na katika mtaa mzima wa kwanza kuulizwa nilikuwa mimi. Nikawaelekeza kwa mkasi, huku ndiyo, kule hapana, wakashukuru wakaondoka. Mama Zuhura anadai walikuwa wanatafuta choo cha kulipia. Lakini Mama Zuhura unamjua. Hapendi kuona mtu wa baraza yake anapanda cheo.

Nakuandikia nikiwa hapahapa barazani, saa ile yetu ya jua kali, majirani wamekwenda kuswali adhuhuri na wateja wamekimbilia vivulini. Kiti chako kipo palepale kando ya mlango wa duka la Mama Zuhura. Mtu akitaka kukikalia namwambia kimelegea mguu, ataanguka. Wamezoea sasa. Hata wachuuzi wa soksi wanaopita wakitafuta pa kupumzika wanakizunguka.

Saa hii ndiyo ulikuwa ukivua miwani ya kushonea na kuvaa ya kusomea, unafungua Biblia yako uliyoivika jalada la kitambaa kilichobaki kwenye sare za wauguzi, unasoma kwa sauti, na mimi natia vifungo huku nasikiliza. Kila siku Agano la Kale. Nilikuuliza mara ngapi, Dada, mbona husomi la Jipya? Ukasema la Jipya unalisikia Jumapili kwa padri, la Kale ndilo letu sisi watu wa baraza, maana lina watu wanaodhulumiana viwanja, wake wenza wanaosutana, na ndugu wanaouzana. "Gaudensi," ulisema, "hawa ni watu wa Kariakoo kabisa. Wamekosa Kiswahili tu."

Mimi nilikuwa nawahukumu mmoja mmoja kama wateja. Yakobo nilisema nisingempokelea kitambaa bila shahidi. Samsoni nilisema ni aina ya wale vijana wenye kifua kipana wanaotaka shati la kubana halafu wanalipasua siku ya kwanza na kurudi kulalamika. Ulikuwa unacheka mpaka unapoteza mstari. Ila siku ile Daudi alipomkuta Sauli pangoni akamkatia pindo la joho lake kimyakimya, ukasoma kwamba baadaye moyo ulimchoma kwa kukata vazi la mtu, mimi niliacha kutia kifungo. Mimi fundi. Mimi nimekata vya watu maisha yangu yote. Ulinitazama juu ya miwani, kisha ukalitazama lile debe langu la vipande vinavyobaki.

Sasa nikueleze: vipande narudisha. Mteja akija kuchukua gauni lake anapewa na vipande vyake, hata kile cha upana wa kiganja, vimekunjwa vizuri. Mwanzoni hawakuamini. Mama mmoja alirudi kesho yake akaniuliza kwa upole kama naumwa.

Na lile la Yusufu nalo limefanya kazi. Kwaya yetu ililetewa kitambaa cha sare mpya, na mwenyekiti wao, yule mama wa sauti ya pili anayependa kuinua kidevu, akanivuta pembeni. Anataka kola yake peke yake iwe na uzi wa dhahabu, ili watu wajue kiongozi ni nani. Ningekuwa Gaudensi wa zamani ningemwongezea na kishada. Nikaweka mkasi chini. Nikamwambia, "Mama, mzee Yakobo alimshonea mtoto mmoja kanzu ya kupendeza na wengine akawaacha hivihivi. Mtoto akaishia shimoni, na kanzu ikarudi nyumbani ina damu. Kola hii siishoni. Ama kwaya nzima, ama hakuna." Akakasirika. Akasema tangu lini fundi akahubiri. Akachukua kitambaa chake akampelekea fundi wa Buguruni, na Jumapili akasimama mbele na dhahabu yake shingoni. Kiitikio kilipofika, kwaya nzima ikafunga mdomo. Kanisa zima likamsikia yeye peke yake, na unajua mwenyewe sauti yake ikiwa peke yake. Sikucheka, Dada. Nilitoka nje kwanza.

Tangu hapo watu hawaji kwangu kwa kushona tu. Wanakuja na mambo yao. Kijana mmoja wa duka la vyombo alikuja kuniuliza kama aache kazi kwa sababu tajiri wake ana mdomo, nikampa habari za Daudi anavyompigia kinubi Sauli huku anakwepa mkuki, akarudi kazini. Yaani wengine wananiita Mwalimu. Mama Zuhura ananiita Nabii wa Vifungo, lakini ananiita kwa heshima. Nikikohoa ananiletea tangawizi.

Lakini karatasi hii sikuichukua kwa ajili ya kola. Nataka nikwambie habari za Osmundi.

Mwanao. Mwenyewe unajua ulivyompeleka Mbinga kwa mama yetu akiwa bado meno ya utoto yanamtoka, wakati ule tunalala chumba kimoja Buguruni na maji ya mvua yanapanda mpaka usawa wa kitanda, na baba yake ameshapotelea kusikojulikana. Ulisema ni mwaka mmoja tu, mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa. Mtoto akakua kulekule, akaanza kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa, akaoa kulekule. Wewe ulikuwa ukienda kumwona ukipata nafasi, na nafasi ulikuwa huipati. Ulichokuwa hukosi ni shati. Kila mwaka karibu na Krismasi ulimshonea shati, ukalifunga kwenye karatasi, ukalipeleka stendi mwenyewe kumkabidhi kondakta wa basi la Songea, ukamtisha kwa jina la Mungu asilivae yeye.

Ulipougua nilimpigia. Akasema atakuja. Ulipofariki nilimpigia tena, na siku ya mazishi hakuja. Alituma ujumbe kwamba barabara imekatika kwa mvua. Huenda ilikatika kweli. Mimi nilitupa udongo wangu kaburini, kisha nikatupa na mwingine, nikasema huu ni wa Osmundi. Watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Alikuja kwenye arobaini.

Tulifanyia Buguruni, kwenye ua wa ile nyumba uliyopanga mpaka mwisho. Misa asubuhi, chakula mchana, kisha mkeka. Mama mdogo Edita ndiye aliyeshika shughuli, na wewe unajua mama mdogo akishika shughuli hata kuku hawalii. Akaagiza sanduku lako litoke. Nguo zako zikapangwa pale chini mbele ya watu: vitenge vyako, magauni ya kanisani, kanga nyingine bado mpya hujawahi hata kuzipinda, na lile koti lako jepesi la barazani lenye mifuko mikubwa na pini zimechomekwa kifuani. Nilipoliona koti lile nilijifanya natafuta kiberiti.

Na kwetu ni vile ulivyotufundisha mwenyewe tulipomzika baba. Mtoto wa marehemu ndiye anayeanza kuchukua. Asipoanza yeye, hakuna mkono mwingine unaogusa, mkeka haukunjwi, na msiba hauishi. Watu wataondoka, sufuria zitaoshwa, lakini msiba utabaki umekaa uani kama mgeni asiye na nauli.

Osmundi alikuwa kwenye benchi la wanaume karibu na geti, amekaa kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Alinipa shikamoo yangu vizuri, mkono baridi. Wali hakula. Alikunywa maji tu. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya kesho yake asubuhi, na ilikuwa inaonekana kwenye mfuko wa shati, imechungulia, kama vile anataka wote tuione.

Mama mdogo akaita. "Osmundi, baba, njoo uanze."

Akasimama. Mrefu, Dada. Hujamwona siku nyingi. Mabega mapana kama mlango wa ghala. Akasema kwa adabu, bila kupandisha sauti, "Bibi, mimi nimekuja kuwakilisha upande wa Mbinga. Hizo nguo gawaneni ninyi mliokaa naye."

Mama mdogo akasema, "Hatugawani nguo za mtu mwenye mtoto."

"Basi hesabuni hakuwa naye."

Hivyo ndivyo alivyosema. Nakuandikia kama ilivyosemwa, kwa sababu hukupenda mtu akufiche. Halafu akashika bega lake, hapa, kwenye mshono. Akasema, "Kila Krismasi shati. Na kila shati halipiti hapa. Nikikunja mkono linalia. Nikasema huyu mama hanijui hata ukubwa, ananunua la mtoto yeyote anatuma. Nilikuwa nalivaa siku moja ili bibi asinung'unike, kesho yake nampa mtoto wa jirani."

Mama mdogo Edita, mwanamke asiyeogopa hata askari, akashusha macho. Nikaona kabisa jinsi itakavyokuwa. Huyu atatoka kwenye lile geti, atapanda basi lake, na wewe utabaki huko uliko ukiwa mwanamke ambaye mwanawe alikataa kugusa nguo yake mbele ya watu. Hapana namna ya kulishona hilo tena. Ukishakata, umekata.

Sasa unanijua mimi. Maneno sikosi. Niliwahi kumsimulia mgambo habari za Samsoni na mbweha wenye mienge mikiani, yeye kashika cherehani yangu upande huu na mimi kule, mpaka akasahau alichofuata akaondoka na stuli tu. Lakini pale Buguruni ulimi ulikuwa kama umetiwa pini. Nikatazama lile koti lako. Ndipo nikakumbuka ile siku ya Hana.

Unaikumbuka? Ulikuwa unasoma habari za yule mama aliyelia hekaluni mpaka kuhani akadhani amelewa. Akampata mtoto, Samweli, na alipomwachisha ziwa akampeleka kwa mzee Eli akae kulekule. Ukafika pale panaposema kwamba mama yake alikuwa akimshonea kanzu ndogo na kumpelekea mwaka hata mwaka. Mimi nikanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Dada, simama hapo. Nani alimpima?" Wewe ukaniuliza nina maana gani. Nikasema, "Mtoto yuko mbali mwaka mzima. Mtoto hakai kipimo kimoja. Huyo Hana alikata kwa kipimo gani?" Niliona nimewashinda wote walioandika.

Ukafunga Biblia, kidole kimebaki ndani. Kisha ukasema, "Alikuwa anatazama watoto wa jirani." Ukaamka ukasema tushone, watu wanarudi msikitini.

Basi pale uani nikasimama. Sikuanza na wewe, nilianza na Hana. Nilisimulia kwa njia yangu, na unisamehe, niliongeza kidogo. Nilisema kutoka kwa Hana mpaka Shilo, kwa mzee Eli, ni kama kutoka Mbinga mpaka hapa kwa miguu, na njiani kuna simba. Kitabu hakisemi simba. Lakini nilitaka Osmundi asirudi kukaa kwenye benchi. Nikasema huyu mama alimlilia Mungu kwa ajili ya mtoto huyu, na bado siku ikafika akamwacha mlango wa watu wengine akarudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna aliyeandika alilala vipi usiku ule. Kilichoandikwa ni kanzu. Nikamgeukia. "Mjomba, mama yako hakununua lile shati. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Alilikata mwenyewe, akalishona mwenyewe, mimi hakuniruhusu hata kutia kifungo. Na alikuwa hana kipimo chako. Kwa hiyo kila mwaka alikuwa anamsimamisha mtoto wa jirani wa umri wako pale barazani, anampima yeye, huku anasema moyoni ni wewe."

Kabla hajajibu, chombo kililia upande wa wanawake. Mama Zuhura alikuwa ameacha mwiko ukaanguka. Alikuja tangu alfajiri kusaidia kupika, na kilemba chake kimelala upande.

"Ala! Kumbe ndiyo hii!" akasema. "Mtoto mwenyewe si Swalehe wangu! Kila mwaka Skola anamsimamisha mlangoni kwangu, simama wima baba, nyoosha mkono baba, bega, kiuno, mtoto anakuja ndani mbio, mama napata shati! Shati liko wapi? Halionekani! Siku nyingine mtoto alilia mpaka akapandwa na homa. Nikamvaa Skola, nikamwambia we Mmatengo wa Mbinga una nini na mwanangu, unampima kila mwaka kama unamchongea jeneza, na hata leso humpi!"

Watu wakaguna. Mama Zuhura akajifuta mikono kwenye kanga.

"Akaniambia, Mama Zuhura, nina wangu sawa na huyu. Basi. Mwaka uliofuata nilimleta Swalehe mwenyewe, nimemwogesha."

Hakuna aliyecheka mpaka hapo. Osmundi akauliza, "Huyo Swalehe yukoje?"

"Yukoje? Fimbo ya bendera! Mpaka leo ukimsimamisha kando ya mlango humwoni. Halili huyo, anaonja."

Hapo ua mzima ukapasuka. Hata mama mdogo alicheka, akajifunika uso kwa mkono. Na Osmundi, mwenye mabega ya kubeba magunia tangu utotoni, mtoto aliyelelewa kwa maharage ya mama yetu na baridi ya milimani, akatazama mabega yake moja baada ya jingine kama vile ndiyo kwanza anaonyeshwa.

Nikamwambia, "Mjomba, hata ile kanzu ya Samweli, kitabu hakisemi kama ilimtosha. Wamesema alimpelekea kila mwaka, wakaishia hapo. Huenda nayo ilimbana."

Aligeuka akalitazama geti. Nilifikiri nimeshindwa, nikaanza kutafuta mahali pa kukaa. Kisha akavua viatu. Akaja mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti. Vitenge vipya akavipita. Gauni la sikukuu akalipita. Akalichukua koti la barazani, akalibana kifuani, na pini zako zikamchoma, nilimwona akishtuka, lakini hakulilegeza. Aliinamisha kichwa humohumo kwenye koti, na yale mabega yakaanza kutikisika.

Mama mdogo Edita akasubiri. Akasubiri vya kutosha. Kisha akasema, "Haya. Wengine."

Na mkeka ukakunjwa, Dada. Nimekunja mwenyewe upande mmoja, Osmundi upande wa pili.

Ile tiketi hakuitumia. Kesho yake alikuja Kariakoo na kitenge chako cha rangi ya majani makavu, kile cha ndege, ambacho mama mdogo alimwongezea. Akasimama mbele yangu hapa barazani akanyoosha mikono. "Nipime, mjomba." Nilimpima mwanaume yule kama napima madhabahu. Nikamshonea shati siku ileile. Limemkaa, Dada. Hakuna aliyewahi kushona bega kama lile tangu Kariakoo ianze kuitwa Kariakoo, na watu walisimama njiani kutazama, mikokoteni ikakwama.

Mama Zuhura naye akamwita Swalehe, ambaye siku hizi anauza vifuniko vya simu mtaa wa nyuma. Akaja, mwembamba vilevile. Akamtazama mwanao juu chini, akamwambia, "Kumbe wewe ndiye mwizi wa mashati yangu." Osmundi akamjibu, "Na wewe ndiye uliyenibana miaka yote." Wakacheka, wakasimamishwa mgongo kwa mgongo kwenye mlango wa duka, Mama Zuhura anapiga makofi kwa kicheko. Walikwenda kula samaki Feri wote wawili. Swalehe, nasikia, alionja.

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa kwenye cherehani. Zamani nilidhani yale maandiko ni ya wafalme. Panga, magari ya vita, majitu. Mimi na wewe tumo wapi humo? Sasa nasema hivi, na padri akitaka aje tubishane: yule aliyeandika alikuwa na Goliathi anamsubiri kurasa za mbele, alikuwa na vita vya kusimulia mpaka mkono umuume, lakini alisimama kwanza akaandika kashati ka mtoto. Hakupita. Basi na Mungu naamini hapiti. Shati lako lile, lililovaliwa siku moja na kupewa mtoto wa jirani, limeandikwa mahali. Hilo nalijua kama ninavyojua mkasi wangu. Na hapo kwanza nilikuwa nalala nikifikiria ulikwenda na deni la mtoto. Silali hivyo tena.

Kuna mengine ya kukupa habari. Jumuiya inakutana bado, Alhamisi. Kanisani nafasi yako ya benchi ameishika mama mwenye kofia kubwa, nimemsamehe. Mvua ilinyesha juzi na baraza haikuvuja, kwa sababu nilipanda juu mwenyewe, na siku ile kulikuwa na upepo wa kung'oa bati, lakini mimi nikauambia upepo ngoja, ukangoja. Tangawizi ya Mama Zuhura imekuwa kali zaidi.

Osmundi hunipigia simu kila Jumapili jioni. Wiki ya kwanza aliuliza mama alikuwa anasoma nini mwishoni. Nikaenda nikatazama. Kale kautepe kako ka kuwekea alama, ka kitambaa cha kwaya, kako kwenye Yona, mwanzo kabisa, pale merikebuni. Akasema, "Basi mjomba tumalizie alipoishia. Usome wewe huko, mimi huku nisikilize habari yake kwako." Nikamwambia hilo si neno. Mimi huyu?

Nakuahidi, Dada, na naandika ili usiseme sikusema: mwanao hatakosa mtu wa kumpigia simu maadamu nina pumzi na chaji. Mtoto wake wa kwanza akizaliwa, kipimo nitakwenda kuchukua mwenyewe Mbinga, kwa mikono yangu, kwa mtoto mwenyewe. Na kitabu chako nitakisoma mpaka kautepe kafike mwisho. Pumzika sasa. Umeshona vya kutosha. Tutakapoonana utanisomea na mimi nitatia vifungo.

Ila kuna kitu kimoja, na ukikisikia ukiwa na malaika usicheke kwa sauti. Wewe ulikuwa unasoma na mimi nasikiliza, miaka yote, na ndiyo maana hatukuwahi kugundua. Kuandika maneno yangu mimi naweza, unaona mwenyewe. Maneno ya watu wengine ndiyo yananishinda. Herufi za Biblia yako ni ndogo, nazifuata kwa kidole, na nikifika mwisho wa mstari mwanzo umeshanitoka. Osmundi nimemwambia nimemaliza. Mama Zuhura nimemwambia nimemaliza mara mbili. Jumapili iliyopita mwanao aliniuliza, "Hivi mjomba, Yona aliishia wapi?" nikajifanya simu imekatika. Ukweli ni kwamba, Dada, pale anapoanza kusali mle ndani maneno yakawa marefu, nikafunga. Wiki ya tatu sasa. Bado nimemwacha tumboni mwa samaki.

Mdogo wako,
Gaudensi